Katoni ya CD: tuanze na zipi?

Wengi mmetuuliza juu ya ile katoni ya CD iliyo chini ya kitanda: za kwaya, za matanga, na rumba za zamani. Watoto wanasema, "Mama, tia zote kwenye telefone." Ni vizuri, lakini kazi hii ikianza vibaya inakufa katikati.

Sisi tulianza na tulizozipenda, rumba za dukani, jioni mbili nzima. Siku ya tatu tukafikia CD ya kwaya ambayo mama mmoja marehemu aliongoza nyimbo zake. Kifaa kiliizungusha, kikalialia, hakikusoma kitu. Binti yake ndiye aliyetuletea. Hatukuwa na la kumwambia.

CD ya kiwandani, maandishi yake yamepigwa ndani ya plastiki. Ile iliyochomwa kwenye kompyuta ya mtaani inashikwa na rangi tu, na joto na jua vinaifuta pole pole. Igeuzeni: ya kiwandani chini inang'aa kama fedha, ya kuchomwa mara nyingi ina ukijani au ubuluu. Hizo ndizo za kwanza, hata kama kuna rumba unayoitamani. "Masanga" ya Mwenda Jean-Bosco, Hugh Tracey aliirekodi Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, na mkusanyo wa Tracey unatunzwa Afrika Kusini. Kwaya yetu ya Manika nani anaitunza?

Siku ya kwanza msiwashe kompyuta. Futeni vumbi kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, si kwa kuzungusha. Kila CD ipewe namba kwenye karatasi yake, ipigwe picha ya jalada, na namba iandikwe katika kaye. Siku ya pili mkae wawili: mmoja anasafisha na kupokeza, mwingine analisha mashine. CD moja huchukua kama dakika tano mpaka kumi, kwa hiyo msikae kuitazama wala kusikiliza nyimbo. Mkianza kusikiliza, mtacheza mpaka usiku (tunasema tunachokijua). CD inayogoma iwekwe kando, isifungie nyingine njia.

Programu ya Exact Audio Copy ni ya bure, inarudia kusoma mahali pabaya na kueleza mwishoni iliposhindwa. Hifadhini kwa FLAC, isiyopunguza sauti: CD ya saa moja ni kama MB 300 au 400, hivyo CD 200 hazifiki GB 100. MP3 ndogo za telefone zitengenezwe baadaye kutoka humo. Mkitumia kompyuta ya kubeba, umeme ukikatika betri itamaliza CD iliyo ndani, na huenda kobalti ya betri hiyo ilitoka hapa hapa kwetu.

Kazi ndefu ni majina. CD ya dukani, programu inaulizia intaneti na kupata majina ya nyimbo. Ya kwaya yetu haijulikani huko, inabaki "1, 2, 3". Kwa hiyo siku nyingine mwiteni bibi mmoja wa kwaya ya zamani, mpeni chai na spika, aseme nani anaimba, wimbo wa nani, mwaka gani. Mtoto aandike. Msingoje mpaka CD zote ziishe ndipo mumwite.

Nakala ziwe mbili, katika nyumba mbili. Familia za Kasulo zilizohamishwa mwaka 2017 kwa ajili ya mgodi zinajua kuhama ni nini. CD zenyewe msizitupe.

Kompyuta nyingi mpya hazina mahali pa kuingiza CD. Chama kina kifaa cha kuchomeka kwa waya, kipo kwa mama katibu. Anayekitaka aandike jina lake. Kila nyumba siku tatu, na wenye CD za kuchomwa watangulie.