Bei hutajwa kwa lugha ya mteja

Abu Zayd hula kwa ulimi wake. Katika Maqamat ya al-Hariri wa Basra, aliyefariki mwaka 1122, mjanja huyo huzunguka mijini na kila hadhira huipa maneno yanayoinasa. Michezo yake ya Kiarabu haitafsiriki neno kwa neno. Ndiyo maana Michael Cooperson, profesa wa Marekani, katika tafsiri yake ya mwaka 2020 alizipa hadithi zote 50 Kiingereza cha namna mbalimbali, kikiwamo cha mitaa ya Singapore.

Wapo watakaosema ameharibu kitabu. Hapana, ameokoa ujanja wake. Mfanyabiashara wa Busia au Kasumbalesa anajua: anayeng'ang'ania lugha moja hurudi na mzigo. Wachapishaji wa ukanda huu nao wasikiogope Kiswahili cha Lubumbashi.