Goti ya chuma inaomba matunzo mpaka mwisho

Ndugu watumikaji, kazi ya chini ya udongo inamaliza magoti yetu. Kuna wenzetu waliokwisha kubadilishiwa goti, wakawekewa la chuma na plastiki. Kwa wengi inaenda muzuri, lakini kwa wamoja vijidudu vinaingia ndani.

Ninyi wa nyumba, angalieni kidonda. Kama kinatoa maji ao usaha, kama goti linavimba, linakuwa moto, ao maumivu inazidi pahali pa kupungua, rudisheni mugonjwa siku ile ile kwa munganga aliyemupasua. Musikimbilie antibiotiki za farmasi: akizimeza mbele maji ya goti haijapimwa, kijidudu kinajificha.

Tena dawa peke yake kwa kawaida haitoshi, sababu vijidudu vinashikamana na chuma. Mukiwahi, munganga anafungua, anasafisha, anabadilisha kipande cha plastiki. Mukichelewa, mara nyingi chuma chote kinatolewa, dawa inaendelea majuma mengi, kisha goti lingine linawekwa.

Feza hiyo atalipa nani? Sheria ya kazi ya 16 Oktoba 2002 inasema kampuni inamutunza mutumikaji na jamaa yake, upasuaji na dawa ndani, mpaka mwisho wa mkataba. Basi operesheni ya pili ni haki, si zawadi. Wakikataa, leteni makaratasi kwa delege wa sendika. Na sisi tunasema wazi: mutu asikatiwe mkataba akiwa angali na kidonda.