Likizo ya Tunisia ianzie mjini, si pwani

Zamani mwananchi wa visiwa hivi aliposema anasafiri nje, ilieleweka kuwa anakwenda Hija, au matibabu, au masomo. Siku hizi wako wenzetu, wafanyabiashara na watumishi wa serikali waliojiwekea akiba, wanaosema waziwazi kuwa wanakwenda kupumzika. Hatuoni ubaya wa badiliko hilo. Aliyefanya kazi ana haki ya mapumziko, na mtu wa pwani ana haki ya kuziona pwani za wenziwe. Na kwa kuwa mwenye kutaka bahari na taarikh katika safari moja aghalabu hushauriwa aende Tunisia, tumeona ni wajibu wetu kusema machache juu ya namna ya kuipanga safari hiyo. Tunasema hayo kwa msafiri, lakini tungependa maofisa wetu wanaoshughulika na utalii nao wayasikie.

Ziko njia mbili za kwenda huko. Ya kwanza ndiyo iliyozoeleka Ulaya. Mtu hulipa mara moja kwa kampuni ya safari ya nchini kwake, hushuka uwanja wa Monastir au Enfidha, akapakiwa katika basi mpaka Hammamet au Port El Kantaoui, akafungwa utepe mkononi, na tangu hapo chakula, kinywaji na kitanda vyote vimekwisha lipwa. Taarikh ya nchi hutengewa siku moja ya basi: asubuhi El Jem, mchana Kairouan, magharibi amerudi hotelini kula. Na huko Yasmine Hammamet wamefika hadi ya kujenga “mji mkongwe” mpya, wenye kuta na malango, jirani kabisa na mahoteli. Mji mkongwe wa kweli wa Hammamet uko kilomita chache tu kutoka hapo.

Njia ya pili ni kuanzia mjini Tunis, na ndiyo tunayoipendekeza. Mtu akodi chumba ndani ya mji mkongwe wenyewe, akae siku tatu. Hapo ndipo ulipo Msikiti wa Zaituni, uliokuwa chuo cha elimu kwa karne nyingi, na hapo ndipo alipozaliwa Ibn Khaldun mwaka 1332. Karibu na msikiti iko Souk el Berka, ambako leo huuzwa dhahabu. Wageni wengi hununua pete wakaondoka bila ya kujua kuwa soko hilo ndilo lililokuwa la watumwa, mpaka Ahmad Bey alipopiga marufuku utumwa katika dola yake mwaka 1846, yaani miaka miwili kabla ya Ufaransa kufanya hivyo katika makoloni yake. Sisi ambao soko letu la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873 hatuwezi kupita pale kama watu wanaotazama vioo vya maduka.

Inafaa maofisa wetu wajue pia kwamba mji huo nusura uvunjwe. Baada ya uhuru wa mwaka 1956 palikuwa na mpango wa kupasua barabara pana katikati yake, ili uonekane wa kisasa. Mwaka 1967 kikaundwa chama cha kuuhifadhi, mpango ule ukaachwa, na mtaa wa Hafsia uliokuwa umechakaa ukajengwa upya kwa ajili ya wakaazi, kazi iliyopewa tuzo ya usanifu ya Aga Khan mara mbili. Mpaka leo watu wanaishi humo, wanafua na kupika.

Kutoka Tunis iko treni ndogo iendayo Carthage, Sidi Bou Said na La Marsa. Asubuhi mtu atazame mahamamu ya Kirumi yaliyojengwa ukingoni mwa bahari, jioni aoge La Marsa. Lakini asidhani kuwa Carthage imehifadhiwa kwa heshima ya jina lake tu. Katika utawala wa Ben Ali baadhi ya viwanja viliondolewa katika hifadhi kwa amri za serikali, vikajengwa majumba, wakafaidika watu waliokuwa karibu na ikulu. Ilibidi yatokee mapinduzi ya 2011 ndipo amri hizo zifutwe. Mji ulioteketezwa kwa moto wa Warumi mwaka 146 kabla ya Masihi ulikuwa ukimegwa kwa kalamu na karatasi.

Siku ya nne apande treni ya Sousse, safari ya saa mbili hivi. Huko bahari na taarikh havitenganishwi na basi la mtu yeyote: ukitoka katika kuta za karne ya 9 na katika ribati, hatua chache unakanyaga mchanga wa Bou Jaafar. Treni hiyo hiyo huendelea hadi El Jem, ambako uko uwanja wa michezo wa Kirumi uliomudu watazamaji wapatao 35,000, uliojengwa kwa utajiri wa mafuta ya zeituni. Kwa Kairouan apande gari za abiria ziitwazo louage, ambazo huchukua watu wanane na huondoka zikijaa, kama tulivyozoea wenyewe. Mji huo uliasisiwa na Uqba bin Nafii mwaka 670. Wageni wasio Waislamu huishia uani mwa Msikiti Mkuu. Msafiri wetu Mwislamu ataingia ndani na kusali rakaa mbili chini ya nguzo zilizotolewa katika magofu ya Kirumi, na kwa hilo peke yake tunaona nauli imelipa.

Kuhusu wakati, Septemba na Oktoba ndiyo miezi bora, kwani bahari ingali vuguvugu na jua la Agosti limepungua. Milima ya Kasserine na mpaka wa Libya si pahala pa likizo.

Sasa tueleze kwa nini tunaishikilia njia hii ya pili. Tarehe 26 Juni 2015 watalii 38 waliuawa katika pwani ya Port El Kantaoui, 30 kati yao Waingereza, miezi mitatu tu baada ya mauaji ya jumba la makumbusho la Bardo. Serikali ya Uingereza ikawashauri watu wake wasiende Tunisia isipokuwa kwa dharura, na ushauri huo ukadumu miaka miwili. Mahoteli yaliyowategemea wageni wa kampuni chache za Ulaya yakafungwa moja baada ya jingine. Waliokuja wakati huo ni jirani: Waaljeria zaidi ya milioni moja kwa mwaka, katika magari yao wenyewe, pamoja na wake na watoto, wakikodi nyumba na kununua samaki sokoni. Kisha Septemba 2019 kampuni ya Thomas Cook ikafilisika huku, kwa kauli ya waziri wa utalii wa wakati huo, ikidaiwa na mahoteli ya Tunisia yapata euro milioni 60. Wageni walikwisha kulala na kula, na fedha zao zilikwisha lipwa, lakini zililipwa Ulaya.

Mwaka 1970 vijana wa TANU wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha magazetini mjadala mkali juu ya utalii, wakiuliza unamfaidia nani, na hoja zile zikakusanywa na Issa Shivji katika kitabu kilichotolewa mwaka 1973. Wakati ule wapo waliowacheka. Mwaka 2024 Tunisia ilipokea wageni zaidi ya milioni 10, na tunachelea kuwa ofisa wetu akienda kujifunza huko atarudi na tarakimu hiyo peke yake. Tungependa arudi pia na maswali. Ni wageni wangapi kati ya hao walilala ndani ya miji mikongwe? Anayeishi katika nyumba ya mawe humlipa nani aizibe nyufa? Sisi ambao Mji Mkongwe wetu uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, kisha tarehe 25 Desemba 2020 tukashuhudia sehemu ya Beit-el-Ajaib ikiporomoka, hatuna nafasi ya kuyaona maswali hayo kuwa ya kifalsafa.

Siku za mwisho tunamshauri msafiri azitumie Djerba, na hapa tunakiri kuwa tunaongozwa na mapenzi ya watu wa kisiwa. Humo mna misikiti midogo meupe ya Maibadhi, mingine imechimbwa chini ya ardhi, mingine imejengwa ufukweni kama minara ya ulinzi. Ni jamaa wa madhehebu yale yale ya watawala wa Kiomani wa Unguja. Mtambo wa chapa wa Sayyid Barghash ulichapa vitabu vya Kiibadhi, vikiwemo vya Sheikh Muhammad bin Yusuf Atfayyish wa Mzab, Algeria, na vitabu hivyo vikarejea Kaskazini kwa bahari. Mwaka 2023 Djerba nayo iliingizwa katika Urithi wa Dunia, kwa sababu ya mpango wake wa kale wa nyumba zilizotawanyika mashambani, kila moja na birika lake la maji ya mvua. Mahoteli yaliyopangwa pwani ya kaskazini-mashariki hayakutosheka na mabirika. Maji yalivutwa kutoka bara, na mwaka 2018 ukafunguliwa mtambo wa kuondoa chumvi katika maji ya bahari. Taka nazo zilitupwa Guellala, kijiji cha wafinyanzi, mpaka mwaka 2012 wanakijiji walipoandamana kutaka jaa lifungwe, na kisiwa kizima kikajaa taka. Wenzetu wa vijiji vya kaskazini Unguja wataielewa habari hii bila ya kufasiriwa.

Jambo la mwisho ni la fedha. Dinari ya Tunisia hairuhusiwi kutoka nje ya nchi, basi msafiri abadilishe kidogo kidogo na atunze risiti za benki. Zikimbakia, ndege za kurudi hupitia Istanbul au Doha na nyingi huanzia Tunis, kwa hiyo ana wasaa wa kwenda Guellala kwanza akanunue mtungi.