SAMAKI HANA HATI, LAKINI ANA WENYEWE

Ndugu wanaushirika,

Katika mkutano uliopita ndugu yetu mmoja alisimama akasema, "Umeme wa Rusumo tumeupata, samaki wa nini tena? Samaki wa mtoni hana mwenyewe." Watu wakacheka, wengine wakapiga makofi. Mimi sikucheka. Leo namjibu hapa ukutani. Anayejua kusoma asome, asiyejua asomewe.

Kwanza tuelewane. Mimi sipingi umeme. Mradi wa Rusumo ni wa nchi 3, Tanzania, Rwanda na Burundi, na megawati zake 80 zinagawanywa sawa kwa sawa. Mwaka 2013 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 340. Ule mpango wa zamani wa bwawa kubwa uliachwa, maana ungefunika ardhi na makazi ya watu wengi. Hilo ni jambo jema, tuseme kweli.

Lakini mto ukizuiwa, hata kwa kizuizi kidogo, samaki anajua. Maji yanaingia kwenye handaki, yanazungusha mitambo, yanatokea chini. Hapo katikati mto unapungua. Samaki kama ningu hupanda mto wakati wa mvua kwenda kutaga. Akikuta ukuta atataga wapi? Juu ya ukuta?

Sasa tazameni hesabu ya fidia inavyokwenda. Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1967 inaangalia ardhi na kilicho juu yake: nyumba, migomba, mikahawa. Mwenye mgomba anahesabiwa. Je, mama anayesomesha watoto kwa kuuza kambare gulioni, atahesabiwa kwa lipi? Hana hati ya mto. Basi ndiyo maana wanasema samaki hana mwenyewe. Huo ni uongo! Mali ya wote siyo mali isiyo na mwenyewe. Mbona ghala letu la ushirika ni la wote, na mwizi akiingia tunapiga yowe?

Eti haijawahi kufanyika? Imefanyika hapa hapa Tanzania. Kule Kihansi aligunduliwa chura mdogo mwaka 1996, anayeishi kwenye manyunyu ya maporomoko. Bwawa la umeme likachukua maji, manyunyu yakaisha. Serikali na wafadhili wakamtandikia mabomba ya kumnyunyizia maji. Mwaka 2000 vyura karibu 500 wakapandishwa ndege kwenda kutunzwa Marekani, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa kwao. Ndugu zangu, chura amepanda ndege! Sisi tunaomba samaki ahesabiwe tu, tunaambiwa tunapinga maendeleo.

Na huko Marekani kwenyewe, mto Columbia ulijaa mabwawa, samaki wakapungua sana. Mwaka 1980 ikatungwa sheria kwamba hasara ya samaki na wanyama iliyoletwa na mabwawa irekebishwe, na gharama zitoke kwenye fedha za umeme. Anayewasha taa anachangia samaki. Huo ndio utaratibu wa haki.

Lakini tusiwe wanafiki. Wako kati yetu wanaovua kwa kokoro na vyandarua vya mbu, wakikomba hata vifaranga. Huyo naye ni bwawa linalotembea kwa miguu. Tukimnyamazia, kesho tutaambiwa samaki tulimaliza wenyewe, nasi hatutakuwa na jibu.

Kwa hiyo napendekeza mambo 3:

1. Kuanzia wiki hii kila mvuvi aandikishe samaki wake kwenye daftari la ushirika: aina, idadi, mahali. Bila daftari tutabaki na malalamiko matupu.

2. Tuiandikie Halmashauri ya Ngara, tuulize maji ya kuachwa mtoni ni kiasi gani kila msimu, na nani anayapima. Sheria ya maji ya mwaka 2009 inataka mto ubakiziwe maji ya uhai wake.

3. Tudai sehemu ya mapato ya umeme irudi mtoni kila mwaka. Shule na zahanati ni vizuri, lakini zahanati haitagi mayai.

Mimi nilijifunza kusoma ukubwani, kwenye kisomo, nikiwa na watoto. Somo moja nililolishika ni hili: kisichoandikwa hakidaiwi. Tuandike.

Mto ni shamba letu la pamoja.

Katibu wa Tawi