Tanga Iwe Lango la Visiwani Pia

Tanga haikuanza leo kuwa mlango wa biashara. Reli ya kwanza ya Tanganyika ilianza kujengwa mjini humo mwaka 1893, ikafika Moshi mwaka 1911 na Arusha mwaka 1929. Mkonge na kahawa ya Kaskazini vilishuka kwa reli hiyo hadi bandarini. Baadaye bandari ilibaki nyuma, kwani kina chake hakikutosha. Meli kubwa zililazimika kutia nanga mbali, na shehena ikafuatwa huko kwa matishari.

Hali hiyo sasa imebadilika. Katika mradi ulioanza mwaka 2019, njia ya meli ilichimbwa kutoka kina cha mita 3 hadi mita 13, na gati zenye urefu wa mita 450 zikaimarishwa. Aidha, bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, limeelekezwa Chongoleani, Tanga. Tunaipongeza Serikali kwa hatua hizo.

Lakini yafaa ieleweke kwamba lango si la meli kubwa peke yake. Wete na Tanga zinatazamana, karibu katika mstari mmoja, na bahari iliyo kati yao ni ya kilomita 70 hivi. Kwa mwananchi wa Pemba, Tanga ndiyo bara ya jirani. Huko iko saruji ya kujengea nyumba, yako machungwa ya Muheza na mboga za Lushoto, na huko ndiko inakoanzia njia ya Moshi na Arusha. Naye ana samaki na mwani wa kuuza, na ana ndugu wa kuwatembelea.

Wako watakaosema kuwa shehena ya Visiwani ni ndogo mno. Sisi hatukubali. Haba na haba hujaza kibaba, na biashara ya jirani huja mwaka mzima.

Isitoshe, hili ni jambo la uhai. Msafiri asiyejua meli itaondoka lini hupanda chochote kinachoondoka leo. Septemba 2011, meli ya Spice Islander, iliyojaza watu kupita kiasi, ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba. Haikuwa katika njia ya Tanga, lakini funzo lake ni la bahari yetu yote.

Kwa hiyo tunashauri mambo matatu. Kwanza, ratiba ya vyombo kati ya Tanga na Pemba itangazwe mapema na ifuatwe, na idadi ya abiria isimamiwe pande zote mbili. Pili, bandari inapozidi kupanuka, majahazi na abiria wasisukumwe pembeni. Watengewe gati, kivuli, mizani na ghala. Tatu, maofisa wa forodha wa Bara na wa Visiwani wakae pamoja, ili mzigo ukaguliwe mara moja tu. Suala la ushuru wa bidhaa zitokazo Visiwani limezungumzwa kwa miaka mingi miongoni mwa kero za Muungano; bandarini ndipo mwananchi anapolipima.

Gharama ya mambo haya ni ndogo ikilinganishwa na fedha zilizokwisha kutumika. Tanga imefungua mlango kwa meli za mbali. Viongozi wanaohusika wahakikishe kuwa jirani wa ng'ambo haachwi akibisha hodi.