Mastaa Mnaokimbilia Majuu, Kabati la Mama Siyo Lenu!

Siku hizi staa wa Bongo akishapata viza, cha kwanza siyo kuaga ukoo. Cha kwanza ni kuingia laivu Instagram na kupiga mnada. Kitanda twende, friji twende, masofa twende, wahi DM! Hapo hakuna neno. Ni jasho lake, auze mpaka kijiko.

Balaa linaanza pale mnada unapohamia kwa mama, Magomeni au Temeke, kwenye nyumba waliyokulia watoto saba. Yupo mwigizaji mmoja mwenye jina kubwa tu, kafungua kabati la vyombo la bi mkubwa mbele ya kamera, huku akicheka: "Jamani haya masinia ya enzi za mkoloni nani anayataka?" Bi mkubwa mwenyewe yuko nyuma kwenye kiti, kimya, kanga mdomoni. Yupo na mtangazaji aliyeuza cherehani iliyomsomesha, tena kwa bei ya viatu vyake vya kwendea klabu. Halafu watu wanabonyeza makopakopa!

Ukiwauliza, jibu wanalo: "Tunapunguza makorokoro, hata Marie Kondo anafundisha hivyo." Weee! Huyo Mjapani, aliyevuma zaidi kwa kipindi chake cha Netflix cha 2019, anafundisha kuanza na nguo, kisha vitabu, karatasi na mazagazaga mengine. Vitu vya kumbukumbu anaviweka MWISHO kabisa. Na amekataza kutupa vitu vya ndugu bila wao kujua. Kwa hiyo wanamsingizia mtu wasiyemsoma.

Turudi kwenye sheria za hapa nyumbani. Mzee akifariki, mali zake ni mirathi, siyo nyumba peke yake bali hata redio na makochi yake. Anayezigawa ni msimamizi aliyeteuliwa na mahakama, siyo mtoto mwenye wafuasi wengi. Na kwa wanaotaka kuuza mpaka nyumba, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inamzuia hata mume kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mke. Kama baba mwenye nyumba anabanwa, mtoto ni nani?

Halafu kuna hili wengi hawaliwazi. Wazee wetu hawana kabati la mafaili. Karatasi za nyumba zipo chini ya godoro, cheti cha kifo cha mzee kipo kwenye sanduku la bati, picha ya harusi imefungwa ndani ya kanga. Staa anauza sanduku elfu thelathini, mnunuzi anaondoka na ukoo mzima ndani ya bodaboda. Siku kesi ya kiwanja ikifika, staa yuko Minnesota, anayezunguka ofisi za serikali akitafuta nakala ni dada yake aliyebaki na mama.

Watasema nyumba imejaa makopo na panya, na wao ndio wanaolipa umeme. Sawa, makopo yatupwe hata leo. Lakini kulipa luku hakumfanyi mtu kuwa mrithi. Na mama kukaa kimya siyo kukubali. Mama wa Kiswahili hamwaibishi mwanawe mbele za watu, anameza tu.

Kama kweli wanataka kupunguza vitu, utaratibu mbona rahisi? Zima simu. Ita ndugu wote, na wa mkoani wapigiwe. Mkalishe mama katikati, yeye ndiye aseme hiki kinabaki, hiki apewe mjukuu, hiki kiuzwe. Vyeti akabidhiwe anayebaki, picha za zamani zipigwe na kila mtu atumiwe. Kitakachosalia ndicho cha mnada, na hela apewe mwenye kabati.

Huko majuu mtu anakwenda na mabegi mawili ya kilo 23. Hakuna anayemlazimisha kubeba sinia la mama. Anachoombwa ni kuliacha lilipo. Maana ughaibuni siyo ahera, ipo siku atarudi, iwe kwa sikukuu au kwa msiba. Watu wakishajaa uani, atakuja kuuliza: "Yale masinia makubwa yako wapi?"

Wadau, nani mwenye haki hapa, staa au bi mkubwa? Dondosha maoni yako hapo chini, matusi hapana!