Nyumba ya dola 30 inayokula dola 71



Mwezi uliopita, nilipokuwa nikiita majina asubuhi, mtoto mmoja hakuitika. Kesho yake tena kimya. Siku ya tatu mwenzake wa benchi akaniambia: "Madamu, walihama usiku." Mtoto huyo hakuwa mgonjwa, wala hakuwa amechoka na masomo. Katika hesabu alikuwa kati ya watatu wa kwanza. Kodi ya nyumba ndiyo iliyomtoa darasani.

Baadaye nilikutana na mama yake kwenye soko la Virunga, nyuma ya meza yake ya mboga. Familia ilitoka upande wa Masisi. Aliniambia: "Madamu, nyumba yenyewe haikuwa ya bei kali. Dola 30 tu. Lakini kila mwezi feza ilikwisha na sikuona ilipopita." Nikatoa kalamu, tukahesabu pamoja kati ya mteja mmoja na mwingine. Nimemwomba ruhusa niwaletee hesabu hiyo bila kutaja jina lake, kwa sababu kila juma kuna familia inayofika Goma, na kila juma kuna dada anayeuliza kwenye kikundi: "Nitaweza kuishi hapa?"

Kwa nini Goma inakula feza

Anayetoka kijijini anafikiri watu wa Goma wanapenda tu kuuza ghali. Sababu ziko. Mji wetu umebanwa: mlima Nyiragongo kaskazini, ziwa Kivu kusini, mpaka wa Rwanda mashariki. Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji ikafunika makazi na maduka. Mei 2021 ikashuka tena hadi Buhene. Watu nao wameongezeka kila vita ilipowasukuma huku. Tangu 1994 mashirika ya misaada yamekuwa yakilipa nyumba kwa dola, na wenye nyumba wakazoea kuhesabu kwa dola, hata kwa lokatere anayeuza sombe kwa faranga.

Chakula chetu kingi kinatoka Masisi, Rutshuru na ng'ambo ya ziwa. Barabara ikifungwa, bei ya maharagi na makala inapanda siku ileile. Na maji, ingawa ziwa liko mbele yetu, ni shida, kwa kuwa kuchimba njia ya bomba ndani ya mawe ya lava ni kazi ngumu. Mitaa mingi inaishi kwa bidoni.

Mwaka 2025 mambo yaliongezeka. Mwisho wa Januari vita iliingia mjini na benki zikafunga milango. Februari kambi kama Bulengo na Lushagala zikavunjwa. Wengine walirudi kwao, na wengine walikuta nyumba zao zimeharibika, wakatafuta chumba mjini. Mama huyu ni mmoja wa hao waliotafuta.

Hesabu ya mezani

Nyumba yake ilikuwa upande wa Mugunga. Kodi: dola 30 kwa mwezi. Biashara yake iko soko la Virunga. Kwenda na kurudi na mzigo wake, alitumia dola 1 kwa siku. Kwa siku 26 za soko, ni dola 26. Kwenye parseli hakukuwa na bomba. Alinunua bidoni tano kila siku, jumla nusu dola. Kwa mwezi ni dola 15.

Jumlisheni: 30, na 26, na 15. Ni dola 71.

Kabla ya kuingia pale, alikuwa ameonyeshwa chumba na saluni karibu na soko kwa dola 45. Alikataa, akasema ni ghali. Pale bomba liko ndani ya parseli na kila lokatere anachanga dola 5 kwa mwezi. Sokoni angekwenda kwa miguu. Jumla: dola 50. Nyumba aliyoikimbia kwa sababu ya bei ilikuwa chini kwa dola 21 kila mwezi. Kwa miezi kumi ya shule, ni dola 210.

Alipoona namba hiyo aliweka kisu cha mboga chini, akanyamaza.

Sisemi kwamba nyumba ya mbali ni mbaya siku zote. Kama biashara yako iko Mugunga kwenyewe, au kama bwana anafanya kazi upande wa Sake, hesabu inageuka na nyumba ya dola 30 inashinda. Na bei ninazotaja ni zake yeye. Ya mtaa wenu inaweza kuwa nyingine, na ya mwezi ujao pia. Kinachobaki ni njia ya kuhesabu: usiulize kodi peke yake. Uliza kodi, maji, safari, makala au umeme, na shule. Hizo tano pamoja ndizo bei ya nyumba.

Tembelea nyumba mara mbili, asubuhi na jioni. Uliza jirani, si komisionere: maji yanatoka wapi, na bidoni ni kiasi gani wakati bomba linakauka? Umeme unakuja siku ngapi kwa juma? Mvua ikinyesha, maji yanaingia wapi? Choo kimoja ni cha familia ngapi? Jirani hana faida ya kukudanganya. Na kama maji ni ya ziwa, ongeza hesabu ya kuyatibu kwa klorini au kuyachemsha. Kolera haijali kwamba umehamia juzi.

Garanti si akiba

Sasa tufike kwenye mlango wenyewe. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, inayohusu nyumba za kupanga za kukaa, inasema garanti ya nyumba ya kuishi isizidi kodi ya miezi mitatu. Wenye nyumba wengi wanaomba sita, na tunalipa kwa sababu tuna haraka. Kujua sheria hakufungui mlango peke yake, lakini kunakupa neno la kusema. Sema kwa heshima: "Papa, sheria inasema mitatu. Mimi nitalipa mitatu, na kodi yako itafika kila tarehe 5." Wengine watakataa. Wengine watakubali, kwa kuwa mwenye nyumba naye anaogopa lokatere asiyelipa.

Mama wa soko alitoa garanti ya dola 90 na kodi ya mwezi wa kwanza dola 30, na juu yake haki ya komisionere. Feza yote aliyofika nayo iliishia mlangoni, hata ya kuanza biashara akaikopa. Miezi ilipokuwa migumu, alijiambia: "Si kitu, garanti iko." Mwezi wa kwanza haukulipwa, wa pili haukulipwa, wa tatu pia. Mwenye nyumba akasema garanti imekwisha, toka. Ndiyo maana walihama usiku.

Wamama, tusile garanti. Garanti ndiyo feza ya kuingia nyumba inayofuata. Ukiimaliza ndani ya nyumba hii, utatoka mikono mitupu na hakuna atakayekufungulia. Kodi ikikushinda mwezi wa kwanza tu, nenda kwa mwenye nyumba mapema, ukapange naye, au anza kutafuta nyumba ndogo ungali na garanti yako.

Mimi pia nililipa ada ya somo hili. Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha nilipanga chumba bila karatasi, kwa neno la mdomo. Nilipotoka, mwenye nyumba akasema kufuli na ukuta niliviharibu mimi, akabaki na garanti ya miezi miwili. Ukuta ule ulikuwa na ufa siku niliyoingia, lakini sikuwa na cha kuonyesha.

Kwa hiyo, andika. Karatasi moja inatosha: majina, kodi, garanti, tarehe, nani analipa maji na umeme. Wote wawili watie sahihi mbele ya shefu wa avenue au nyumba kumi, kila mmoja abaki na nakala. Piga picha kuta, madirisha na kufuli kwa simu siku ya kuingia. Kila ukilipa, omba risiti. Ukilipa kwa simu, kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, tunza ujumbe na uulize nani anabeba gharama ya kutoa. Na ukilipa kwa dola, angalia noti zako mapema. Noti yenye kovu au doa inakataliwa hapa Goma, na tarehe 5 si siku ya kukimbia kwa mbadilisha feza.

Feza ya kuingia itoke wapi

Kuna njia tatu ninazoziona kwa wamama wetu, na moja ninaiogopa.

Ya kwanza ni likelemba. Kila mmoja anatoa, mmoja anapokea, zamu kwa zamu. Ni nzuri kwa garanti kama unajua zamu yako. Dada anayefika aseme mapema: "Nipeni zamu ya Agosti," kabla ya shule kufunguliwa.

Ya pili ni AVEC, yaani kikundi cha kuweka na kukopeshana. Njia hii ilianza na wanawake wa Niger mwaka 1991, kwa msaada wa shirika la CARE, na leo iko karibu kila mtaa wa Goma. Kisanduku kina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu. Ukikopa, riba inarudi kwenye kikundi chenu ninyi. Na mfuko wa kijamii unaweza kumsaidia mama aliyepata msiba kabla hajaanza kuila garanti.

Ya tatu ni kukaa kwa ndugu kwanza, mwezi au miwili. Wazee walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Basi mgeni naye asisubiri kupewa, alishike mwenyewe. Changia makala na bidoni tangu juma la kwanza, hata kidogo. Mwambie shemeji au shangazi tarehe utakayotoka. Udugu mwingi mjini umevunjika kwa sababu ya kutosema tarehe.

Ninayoiogopa ni banki Lambert. Anakupa feza leo bila maswali, na mwezi ujao anataka nyingine nyingi juu yake. Mtu anayekopa hapo ili alipe nyumba atalipa nyumba mbili.

Na mtoto?

Kama unaweza kuchagua, hama Julai au Agosti. Kama huwezi, usitoke bila buletini ya mtoto. Ni karatasi ndogo, lakini bila hiyo shule mpya inaweza kumrudisha darasa la nyuma. Shule za msingi za serikali zilitangazwa kuwa bure kuanzia mwaka wa shule 2019-2020, kwa hiyo tafuta iliyo karibu kwanza, ndipo utafute nyumba. Mtoto wa miaka saba anayevuka mji asubuhi anafika darasani amechoka, na mimi ninayemfundisha ninaona.

Yule mtoto wangu wa hesabu sasa yuko karibu na soko. Mama yake amepata chumba kimoja kwa dola 35, bomba liko ndani ya parseli, na garanti ameilipa kwa zamu yake ya likelemba. Chumba ni kidogo kuliko kile cha Mugunga. Jumatatu iliyopita niliita majina, akaitika.

Kazi ya nyumbani ya juma hili: chukueni daftari, andikeni zile tano za nyumba mnayoishi sasa: kodi, maji, safari, makala au umeme, shule. Jumlisheni. Kisha leteni daftari kwenye mkutano wa kikundi, na kila mama aliyehamia mwaka huu akae karibu na mama aliyezoea mji, wahesabu pamoja. Mimi nitaleta kalamu nyekundu, si ya kutoa alama, ni ya kuonyesha mahali feza inapovuja.